Hotuba ya Kikundi cha Mafundi wa Redio: Kompyuta Ndogo na Mambo Iliyotufunza

(Maneno yaliyosomwa na kikundi mbele ya wakazi na wageni katika Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati ya Jumuiya imeona yafaa yachapwe katika toleo hili la kumbukumbu.)

 

Siku hii ya tarehe 20 Juni imeadhimishwa duniani kote tangu mwaka 2001, ulipotimia mwaka wa 50 wa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kila mwaka tunasikia ngoma, kwaya na maigizo, nasi tunayapenda. Safari hii Kamati imetuomba sisi mafundi wa redio tuseme juu ya kazi yetu na zile kompyuta ndogo ambazo watu wameziona mezani petu na kuulizana ni kitu gani. Tumekubali. Lakini tuliafikiana kwanza kwamba hatutakuja hapa kujisifu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Kwa hiyo tutaeleza tulipofaulu, na tutaeleza pia tulipokosea, maana wengi mliopo hapa mliumia kwa kosa letu.

TULIKOANZIA

Tulianza tukiwa mafundi wa redio na simu. Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika tukitoka Kivu ya Kusini, na wako kati yetu waliokuja na bisibisi na mita mfukoni kuliko nguo. Kazi ilikuwa ileile ya siku zote: redio isiyoshika idhaa, simu iliyoanguka majini, tochi ya sola isiyoingiza moto. Tulikuwa na meza moja chini ya turubai, chuma kimoja cha kulehemu, na debe la vyuma chakavu tulivyovikusanya kutoka vifaa vilivyokufa.

Siku moja kijana wetu mmoja aliyekuwa amesoma ufundi alirudi kutoka mafunzo akiwa na vibao vitatu vya buluu, kila kimoja ukubwa wa kiganja cha mtoto. Alituambia kwamba hizo ni kompyuta. Tulicheka. Hazikuwa na kioo wala vitufe vya kuandikia. Akaunganisha kibao kimoja na kompyuta ya mkononi kwa waya, akaandika mistari michache, na taa ndogo ikaanza kuwaka na kuzimika kila sekunde moja. Tukamwambia kwamba taa ya namna hiyo tunaweza kuifanya kwa transista mbili na kapasita mbili. Akasema ni kweli, lakini sasa muiambie iwake mara tatu, ipumzike, kisha iwake mara moja ndefu. Kwa transista tungelazimika kubomoa na kulehemu upya. Yeye alibadilisha maneno tu. Hapo ndipo tulipoacha kucheka.

KOMPYUTA HII NI NINI

Kwa ajili ya wale ambao hawajaiona, tueleze kwa ufupi. Kibao hiki huitwa Arduino. Kilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, nchini Italia, katika chuo cha usanifu, ili wanafunzi wasiokuwa wahandisi wapate kifaa cha bei nafuu cha kujifunzia. Waliokitengeneza waliacha michoro yake wazi, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma na kutengeneza chake. Ndiyo sababu siku hizi kuna vingine vingi vya kuiga vinavyouzwa kwa bei ndogo, navyo hufanya kazi ileile.

Katikati ya kibao kuna kijidude cheusi chenye miguu. Hicho ndicho maikrokontrola, na hicho ndicho kompyuta yenyewe. Vitu vingine vyote vinakihudumia. Katika kibao cha aina ya Uno, kijidude hicho hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, lakini nafasi yake ya kuwekea programu ni kilobaiti 32 tu. Simu yenye gigabaiti 32 inaizidi karibu mara milioni moja. Kwa hiyo haiwezi kuonyesha picha wala kucheza muziki kama simu. Inaweza kufanya jambo moja dogo, na kulifanya usiku na mchana bila kuchoka.

Akina mama hapa wataelewa upesi. Mama anayepika maharagwe huangalia sufuria. Maji yakipungua anaongeza, moto ukizidi anatoa ukuni. Anaangalia, anaamua, anatenda, kisha anaangalia tena. Maikrokontrola hufanya vivyo hivyo. Ina miguu ya kupokea habari, hayo ndiyo macho yake. Ina miguu ya kutoa amri, hiyo ndiyo mikono yake. Programu yake ina sehemu mbili: matayarisho, ambayo hufanywa mara moja inapowashwa, na mzunguko, ambao hurudiwa hadi moto uzimwe. Tofauti na mama ni hii, kwamba mama ana akili ya kujua maharagwe yanapoungua hata kama hajaambiwa. Kompyuta haijui lolote ambalo hukuiambia. Jambo hili tulilijifunza kwa uchungu.

TAA ILIYODANGANYA

Nyote mnajua shida ya maji. Mama huondoka nyumbani na dumu mbili, anafika bombani, au robine kama tulivyozoea kusema kwetu, anakuta foleni na tangi ni kavu. Anakaa akingojea, hajui kama maji yatakuja baada ya saa moja au kesho. Tukasema, tuwasaidie mama zetu. Tutaweka taa ya kijani juu ya mti karibu na tangi. Maji yakiwemo, taa iwake. Yakiisha, izime. Watu waione kutoka mbali.

Tulichukua waya mbili za shaba, tukazifunga kwenye kipande cha plastiki, tukazitumbukiza ndani ya tangi. Maji ya kawaida hupitisha umeme kidogo. Maji yakigusa waya zote mbili, umeme unapita, kompyuta inaona, taa inawaka. Tulijaribu kwenye ndoo mara nyingi, ikafanya kazi vizuri. Tukapanda tangini siku ya Jumapili, tukafunga. Hapa tukiri kosa la kwanza: hatukuomba ruhusa ya wahusika wa maji. Tulidhani jambo jema halihitaji ruhusa.

Wiki ya kwanza watu walifurahi. Wiki ya pili taa ikaanza kuwaka tangi likiwa tupu. Sisi hatukujua, maana tulikuwa mezani tukisifiwa. Siku ya mgao wa chakula, mama mmoja alikuwa kwenye foleni ya unga tangu alfajiri. Akaambiwa na wenzake kwamba taa ya kijani inawaka. Nyumbani hakuwa na tone la maji na alikuwa na mtoto anayeharisha. Akaacha zamu yake, akakimbia bombani na dumu. Hakukuwa na maji. Aliporudi, zamu yake ilikuwa imepita na siku ile akarudi nyumbani bila unga na bila maji.

Jioni alikuja mezani petu. Hakupiga kelele. Alituambia kwamba taa yetu imemnyima chakula watoto wake, na kwamba siku zote alikuwa akienda bombani bila kujua, lakini hajawahi kudanganywa na bomba. Tulinyamaza. Neno lile bado liko nasi.

Siku iliyofuata tulipanda tangini, safari hii pamoja na mhusika wa maji, ambaye alikuwa amekasirika kwa haki. Tuliyoyakuta ni haya. Kwanza, kipande cha plastiki kilikuwa kimeota utando wa kijani, na kila maji yaliposhuka utando ule ulibaki umelowa. Umeme ulipita juu ya utando, si ndani ya maji, na kompyuta haikujua tofauti. Sisi ndio tuliopaswa kujua. Ndoo ya majaribio haikuwa na utando kwa sababu tuliijaribu kwa siku moja tu. Pili, waya mmoja, ule wa upande wa chanya, ulikuwa umeliwa na kuwa wa kijani. Umeme wa betri ukipita majini kwa mfululizo hula shaba na kuiyeyusha. Kwa hiyo pamoja na kudanganya, tulikuwa tunatia shaba kidogo kidogo katika maji ya kunywa ya watu. Tuliiondoa siku ileile.

Kulikuwa na maneno katika Kamati kwamba meza yetu ifungwe. Tunaishukuru Kamati haikuifunga, lakini ilitupa sharti: kabla ya kufunga kitu chochote kinachotumiwa na watu, tupeleke kwanza maelezo, na tutaje mtu atakayekiangalia kila siku. Tulilikubali sharti hilo, na tunalifuata mpaka leo.

Sasa sikieni jinsi jambo la maji lilivyomalizika. Tulikaa usiku tukibishana. Mmoja alitaka kifaa cha kupima kwa mwangwi wa sauti, mwingine alitaka waya za chuma kisichoshika kutu. Mzee mmoja aliyekuwa mvuvi huko Baraka alikuwa ameketi akingojea redio yake. Akauliza kwa nini hatutumii boya. Wavuvi wa ziwa letu hujua nyavu zilipo kwa boya, hawahitaji betri. Tukatazamana.

Basi tulifanya hivi, kwa ruhusa na mbele ya mhusika wa maji. Chupa safi iliyozibwa inaelea ndani ya tangi. Kamba ya nailoni imefungwa kwenye chupa, inapita katika tundu dogo la mfuniko na juu ya gurudumu, kisha inashuka nje ya tangi ikiwa na jiwe dogo lililopakwa rangi nyekundu. Maji yakipanda, chupa inapanda na jiwe linashuka. Maji yakishuka, jiwe linapanda. Mwanzoni watu walichanganyikiwa, kwa sababu jiwe likiwa juu maana yake ni tangi tupu. Yule mama aliyekosa unga ndiye aliyetupa dawa. Alisema tuchore ubao nyuma ya jiwe: chini kabisa dumu lililojaa, katikati dumu la nusu, juu dumu tupu. Hata asiyejua kusoma ataelewa. Ubao huo upo mpaka leo. Hauna waya hata mmoja.

Tumewaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo somo kubwa tulilolipata. Fundi aliyepata chombo kipya huona kila shida inakihitaji chombo hicho. Sasa, kabla ya kuchukua kibao, tunaulizana: je, kamba na jiwe havitoshi?

MLINZI WA BETRI

Iko kazi ambayo kamba na jiwe haviwezi, nayo ni kulinda betri.

Chumba cha kujisomea kina paneli ya sola, betri ya volti 12 na taa nne. Wanafunzi wa mitihani husoma pale usiku. Betri ya kwanza ilikufa mapema, na ya pili nayo ikafuata. Watu walisema ni betri mbovu. Hazikuwa mbovu. Watu walikuwa wakiunga simu moja kwa moja kwenye betri, wakapita pembeni mwa kile kidhibiti cha sola, na betri ikinyonywa mpaka mwisho kila usiku. Betri ya gari na ya sola ya risasi na asidi haipendi hivyo. Ikitulia na imejaa, mita husoma karibu volti 12.7. Ikiwa imebaki nusu, husoma karibu 12.2. Ikishushwa chini sana na kuachwa hivyo, sahani zake hushika ugumu mweupe ambao hautoki tena, na hapo hata jua la mwezi mzima haliwezi kuifufua.

Tukaandika maelezo, tukayapeleka kwa Kamati kama tulivyoagizwa. Shauri lilikuwa hili: kompyuta ndogo iangalie volti za betri wakati wote. Zikishuka hadi 12.0, ikate simu, taa zibaki. Zikishuka hadi 11.6, ikate vyote. Irudishe pale tu jua litakapokuwa limepandisha volti hadi 12.8.

Kwa vijana wanaotaka kufanya wenyewe, tueleze kazi ilivyokwenda. Mguu wa kompyuta haupaswi kupewa zaidi ya volti 5. Ukiupa 12 unaiua. Kwa hiyo tulichukua rezista nne zinazolingana za kilo-omu 10, tukazipanga mstari mmoja kutoka chanya ya betri hadi hasi, na kupimia juu ya ile ya mwisho. Kila rezista inabeba robo. Volti 12 zinakuwa 3. Kompyuta huigawa ile nafasi ya volti 0 hadi 5 katika hatua 1024, kwa hiyo volti 12 za betri huonekana kwake kama namba 614, volti 11.6 kama 594, na volti 12.8 kama 655. Programu nzima ni kulinganisha namba hizo. Rezista zote nne tulizitoa katika redio zilizokufa.

Tulikosea mara tatu, na kila kosa lilitufunza.

Kosa la kwanza, tuliunga rilei moja kwa moja kwenye mguu wa kompyuta. Rilei yetu ya volti 5 hunywa karibu miliampia 70 ili ishike. Mguu haufai kutoa zaidi ya 20 kwa kazi ya kawaida, na 40 ndiyo kikomo chake. Mguu uliungua. Kwa bahati miguu mingine ilibaki hai. Tangu hapo transista hubeba mzigo, nayo dayodi huwekwa kinyume juu ya rilei ili kumeza ule umeme unaoruka rilei inapoachia.

Kosa la pili, mwanzoni tulitumia namba moja ya kukatia na kurudishia. Usiku ule rilei ililia ka-ka-ka-ka kama mende kwenye kiberiti. Sababu ni hii: mzigo ukikatwa, betri hupumua na volti hupanda kidogo, kompyuta inadhani mambo ni mazuri inarudisha, volti zinashuka, inakata tena. Ndiyo maana namba ya kukatia na namba ya kurudishia lazima ziachane. Tena tuliiambia isubiri dakika nzima kabla ya kukata, ili isishtuke mtu anapochomeka kitu kwa mara ya kwanza.

Kosa la tatu lilikuwa la aibu. Tulipima tukakuta kibao chenyewe kinakula karibu miliampia 50 saa zote. Kwa siku nzima ni zaidi ya ampia-saa moja. Mlinzi naye alikuwa anakula ghala. Tulikitoa kile kijidude cheusi peke yake, tukakilehemu kwenye kibao kidogo kisicho na taa ya pambo, tukakifundisha kulala na kuamka kila baada ya sekunde chache. Sasa anakula makombo.

Betri imo ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli na matundu juu, kwa sababu betri ya asidi ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Mwangalizi wa chumba ana daftari, na kila asubuhi huandika namba ya mita. Tunasema daftari ni sehemu ya mtambo. Taa iliyodanganya haikuwa na daftari.

Hatutadai zaidi ya haya. Tunasema tu kwamba betri ya tatu bado ni nzima, na kwamba wanafunzi waliofanya mtihani mwaka jana walisoma chini ya taa zile mpaka usiku wa mwisho.

ARDHI YETU IMO NDANI YAKE

Tuna neno moja ambalo si la ufundi. Tunapolehemu, tunatumia uzi wa risasi ambao katika aina ya zamani una sehemu 60 za bati na 40 za risasi. Bati huchimbwa Kivu na Maniema. Shaba ya waya na kobalti ya betri za simu huchimbwa Katanga. Koltani ya Kivu hutolewa tantali, ambayo hutiwa katika kapasita ndogo za simu na kompyuta. Wako wazee hapa waliobeba mawe hayo kwa mgongo, na wako waliokimbia kwa sababu ya vita vilivyopiganwa juu ya machimbo hayo. Yalipita mikononi mwetu yakiwa mawe, yanaturudia yakiwa vifaa ambavyo hatuna fedha ya kuvinunua. Hatusemi haya kwa kulaumu waliopo hapa. Tunasema ili mtoto wetu akishika kibao hiki asidhani ni kitu cha wengine. Ana haki ya kujua kilivyo ndani.

MAOMBI YETU

Ndugu Mkuu wa Kambi, Ndugu Mwenyekiti, wageni waheshimiwa, tuna maombi machache.

Kwanza, tunaomba vifaa vilivyokufa visitupwe shimoni wala kuchomwa. Taa za sola, redio, chaja na simu, tuleteeni. Ndani yake mna rezista, transista na waya tunavyovihitaji. Na tunawasihi vijana wanaochoma waya ili wapate shaba, waache. Moshi wa plastiki ile ni sumu kwao na kwa jirani. Njooni tuwafundishe kuchuna kwa kisu.

Pili, tunaomba barua. Waya, betri na taa inayowaka na kuzimika vinaweza kumtisha mlinzi asiyejua ni nini, na hatumlaumu, kwani kazi yake ni kulinda. Mwenzetu mmoja alishikwa njiani na kifaa cha mazoezi, akakaa siku nzima akieleza. Kadi yenye muhuri itakayosema sisi ni nani na tunabeba nini itaokoa muda wa wote. Nasi tunaahidi kutobeba kifaa nje ya meza bila kukiandika daftarini.

Tatu, kwa mashirika. Mnapotuletea mtambo, pampu au taa, tunaomba mtuachie na mchoro wake. Mara nyingi mradi hufungwa, mtaalamu anaondoka na mchoro, na mtambo unasimama kwa kukosa fyuzi ya bei ya boga. Mchoro haugharimu kitu. Hatuombi kugusa vifaa vya zahanati wala jokofu la chanjo. Hivyo vina watu wake, na sisi tunajua kikomo chetu. Tunaomba yale yaliyo saizi yetu.

Nne, kwa wazazi. Katika kikundi chetu wasichana walikuwa wanne, sasa amebaki mmoja. Si kwamba walishindwa. Programu ya yule mlinzi wa betri, sehemu ya kusubiri dakika moja, iliandikwa na msichana. Waliacha kwa sababu tulikuwa tunakutana jioni na njia si salama baada ya giza. Kosa lilikuwa letu kupanga saa ile. Tangu leo meza itafunguliwa pia Jumamosi asubuhi, na mama yeyote anayetaka kuja kukaa akiangalia anakaribishwa. Tunaomba mtuletee tena watoto hao.

Tano, kwa wanaojifunza. Nawa mikono baada ya kulehemu, kabla ya kula, maana risasi ni sumu. Fungua turubai moshi utoke. Mtoto mdogo asikae mezani. Na ukiona jambo hulielewi, uliza. Asiyeuliza hana ajifunzalo.

Ndugu zetu, hatujui tutaondoka hapa lini, wala kila mmoja wetu ataelekea wapi. Wako watakaorudi nyumbani, wako watakaopelekwa nchi za mbali, wako watakaokaa. Nyumba ya matope haibebeki, shamba halibebeki. Ufundi unabebeka, na mpakani hauulizwi karatasi. Kijana anayejua kwa nini rilei ililia ka-ka-ka atalijua hilo Fizi, atalijua Uvira, atalijua popote.

Yule mama tuliyemsimulia yupo hapa leo, ameketi katikati ya akina mama, na ametukubalia tuseme habari zake bila kutaja jina. Mama, tulikuomba radhi siku ile mezani petu. Leo tunakuomba radhi mbele ya watu wote, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya watu wote. Na tunakushukuru kwa ule ubao wa madumu matatu. Kati ya vitu vyote vilivyotoka mezani petu, hicho ndicho ambacho hakijaharibika hata siku moja.